Mwaka wa Nyongeza na Bwawa la Corley

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya pili ya Machi, ratiba ya muhula wa Septemba ilibandikwa kwenye mlango wa idara. Maren Oftedahl, mtafiti wa mito, alikuwa amepangiwa madarasa mawili. Alitarajia jina lake lisiwemo kabisa.

Aliingia kwa mkuu wa idara, Doyle Haskett, buti zikiwa bado na theluji.

"Doyle, mnanitania? Septemba ni muhula wangu wa kutofundisha."

"Ulikuwa. Keti."

"Nikiketi nitasinzia. Mtoto anaota meno."

Chuoni kwetu mwalimu mpya hupewa muhula mmoja wa utafiti akishapita tathmini ya mwaka wa tatu. Maren alipojifungua, aliongezewa mwaka mmoja kabla ya uamuzi wa kumpa ajira ya kudumu. Sote tulimshauri akubali. Hakuna aliyemwambia kwamba tathmini nayo ingesogea mwaka mzima, na muhula wa utafiti ungeifuata.

"Kwa hiyo mmenipa mwaka, mkaninyang'anya Septemba."

"Utaupata muhula wako mwakani."

"Mwakani bwawa la Corley halipo! Linabomolewa Septemba hii. Tangu niajiriwe napima mto ule nikingojea wiki hizo. Au niuambie mto nao uombe nyongeza?"

"Mto ukikubali, niletee fomu yake niisaini," Doyle alisema, lakini hakucheka. Alijua kwamba bila vipimo vya wiki za kubomoa, vile vya awali havingekuwa na cha kulinganishwa nacho.

"Njia ipo moja," akaendelea. "Urudishe nyongeza. Tathmini yako ifanyike Aprili, na ukipita, Septemba ni yako. Ila mwaka ukishaurudisha, hupewi tena. Na ile miezi ya uzazi itahesabiwa kana kwamba ulikuwa maabara."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi sijawahi kunyonyesha mtu, Maren. Usiniulize."

Siku hiyohiyo Doyle alimwandikia mkuu wa kitivo, akiomba Maren aachiwe vyote viwili: nyongeza na Septemba. Alijibiwa kwamba kanuni ni moja kwa wote.

Alhamisi Maren alirudi.

"Chukueni mwaka wenu."

"Umelala hata kidogo?"

"Hapana. Kwa hiyo usinionee huruma, nitalia, na nina darasa saa nne."

Doyle alipeleka barua ya kurudisha nyongeza. Mwisho wa Aprili Maren alipita tathmini. Uamuzi wa ajira yake ukarudi kwenye tarehe ya zamani, na madarasa yake mawili ya Septemba akayachukua Doyle mwenyewe.

Wiki ya tatu ya Septemba mashine zilitoboa ukuta wa Corley. Maren alikuwa kwenye daraja lililo chini zaidi mtoni, mumewe na mtoto wakiwa garini kando ya barabara. Maji yalipofika yakiwa ya kahawia, aliteremsha chupa ya kupimia kwa kamba, akaipandisha ikiwa imejaa matope.