Mungu Hatazamwi kwa Juu

Mwaka jana machela ya mungu, kijumba chake kinachobebwa mabegani siku ya sikukuu, haikupita mlangoni kwangu, na sikunung'unika. Mume wangu, Tokuji, alikuwa amefariki, na nyumba yenye msiba mungu huikwepa. Mwaka huu msiba umekwisha. Nilifagia kichochoro, nikatundika taa ya karatasi, nikapika magimbi na ngisi ya kuwapa wabebaji, kama alivyopenda marehemu.

Mkesha wa sikukuu akaja Kurosaka, mwenyekiti wa kamati, mtu ambaye bila ushauri wake mungu asingejua mlango wa hekalu uko wapi.

"Bibi Fusae, tumebadili njia. Kichochoro chako chembamba. Tutapita barabara kuu."

"Kimekonda lini? Marehemu baba yako alipita hapa na machela begani, na tumbo lake tunalikumbuka."

"Zama zimebadilika, bibi."

Barabara kuu, kwa bahati tu, inapita mbele ya ghorofa jipya la Kurosaka.

Kesho yake niliifuata machela kwa nyuma. Tulipofika kwenye ghorofa, Isokichi muuza tofu, kiongozi wa wabebaji, akapuliza filimbi. Wakasimama. Juu kwenye roshani, kando ya Kurosaka, alikaa diwani na sahani ya samaki, nyayo zake juu ya utosi wa mungu.

"Mwenyekiti, teremsha mgeni. Mungu hatazamwi kwa juu."

"Mheshimiwa anaumwa magoti, Isokichi. Piteni tu, mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa. Mabega yetu ndiyo magumu kuelewa."

Diwani, akidhani wamesimama kumsalimu yeye, akawapungia vijiti vya kulia.

Hapo machela ikaanza kuyumba. Kila mtu kwetu anajua kwamba machela huenda anakotaka mungu. Wabebaji hawana hatia hata chembe. Ikayumba kulia, ikayumba kushoto, na kushoto hapakuwa na njia ila kichochoro changu.

Kurosaka akateremka mbio. "Hamtaenea humo!"

"Mwambie mwenyewe," Isokichi akajibu, akimwonyesha kwa kidevu ndege wa dhahabu juu ya paa la machela.

Wakaenea. Mbele ya mlango wangu wakaituliza. Niliinama, nikapiga makofi mawili ya sala, nikamweleza mungu habari za Tokuji, maana hawakuwa wameagana vizuri.

Magimbi yakaliwa. Kurosaka alifika wa mwisho, ametota jasho. Nikampa bakuli kwa mikono miwili, na nikamwomba radhi kwamba atakula amesimama. Kichochoro chembamba, hakuna pa kuweka kiti.