Robo ya Unyayo

Hivi wewe umewahi kuona mtu anaadhibiwa kwa sababu ya mguu aliozaliwa nao? Mimi nimeona, tena ndani ya nyumba yangu. Wanaonijua watakwambia kuwa mimi ni mtu wa subira. Niliishi na fundi viatu miaka thelathini na minne, na mke wa fundi viatu hujifunza kungoja: ngozi ilainike, gundi ikauke, mteja aache kudanganya kuhusu saizi yake. Lakini jambo hili lilinipandisha hasira mpaka miwani ikaingia ukungu.

Ilikuwa Jumatano jioni. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu hajaota meno, alirudi kutoka hotelini anakofanya kazi ya mapokezi. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akavua viatu taratibu kama mtu anayebandua plasta. Vilikuwa vya mchuchumio, vyeusi, vyenye ncha mbele kama mdomo wa birika. Soksi yake nyembamba ilikuwa imegandia kwenye kidole cha mwisho. Alipogeuza kiatu, lilidondoka donge la pamba lenye damu.

"Pamba ya nini hiyo?"

"Ya kujazia, Bibi. Saizi ndogo kabisa kwenye katoni ilikuwa thelathini na saba."

"Na wewe unavaa thelathini na tano."

"Ndiyo maana ya pamba."

Nikachota maji ya uvuguvugu na chumvi kwenye beseni, nikakaa chini, nikamshika mguu. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeiva kama zambarau. Nikamuuliza ni nani aliyeagiza viatu kwa katoni, kama vitunguu.

Ni msimamizi wao. Mama mmoja ambaye wafanyakazi humwita Bi Rula, kwa sababu kila asubuhi husimama mlangoni na rula akipima visigino vya wasichana wa mapokezi. Sentimita kumi, kila mmoja, ili wakisimama nyuma ya meza wapendeze wote kama meno ya chanuo.

"Nilimwambia vinaniumiza," mjukuu wangu akasema. "Akasema mbona mwenzangu Mlingoti havimuumizi. Akasema tatizo si viatu, ni mimi Kibonge. Nikipunguza mwili, viatu vitanizoea."

"Vitakuzoea? Kwani ni mbwa?"

Alicheka kidogo, kisha akalia. Bi Rula alikuwa amempa mpaka Ijumaa. Ikifika Ijumaa bado anachechemea mbele ya wageni, anahamishiwa nyuma, chumba cha kufulia mashuka. Huko, alisema yule mama, hata ukivaa ndala hakuna wa kukutazama. Na huyu mtoto alisomea mapokezi. Akipokea simu, mgeni aliyekuja kugombana huishia kuomba radhi. Leo anatupwa nyuma kwa ajili ya kisigino!

Niliinuka, nikachukua kwenye kabati la marehemu mume wangu karatasi ya kaki na penseli mbili, nyekundu na ya bluu. Nikamkausha miguu, nikamketisha kitini, nikachora unyayo wake kwa nyekundu. Kisha nikamwambia asimame papo hapo, nikachora tena kwa bluu.

"Ona," nikamwambia. "Mstari mwekundu ni mguu ukiwa umepumzika. Wa bluu ni mguu ukiwa umekubeba. Hapo katikati ya mistari ndipo mwili wako ulipo. Mguu wako ni mfupi, lakini ukisimama unatanuka unene wa nusu kidole kila upande. Hicho kiatu chako ni kirefu pasipotakiwa na chembamba pasipotakiwa."

Nikapima urefu: sentimita ishirini na mbili. Marehemu alikuwa na kanuni yake. Kisigino cha mtu wa kusimama kutwa kisizidi robo ya unyayo wake. Yeye hakusoma sana, na mimi niliishia darasa la saba, lakini kugawa kwa nne tunajua. Robo ya ishirini na mbili ni tano na nusu. Mjukuu wangu alikuwa anasimama juu ya kumi! Huyo Mlingoti, msichana mrefu mwembamba wa saizi arobaini na moja, kwake kisigino kile ni mteremko tu. Kwa huyu wangu ni kupanda paa. Tena mwenye mwili, uzito wote unateremka na kurundikana kwenye vidole vitano vilivyobanwa. Halafu mtu mzima na akili zake anamwambia apungue! Hata akikonda akabaki mifupa, unyayo hautarefuka.

"Basi, Bibi," akasema. "Acha tu. Nitazoea."

Akaenda kuoga. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa kawaida asingeweza kulifanya, maana asingekuwa na msumeno wa kulifanyia.

Nilivichukua vile viatu, nikavibana kwenye meza ya marehemu, nikakata visigino vyote viwili. Nikaondoa sentimita nne na nusu, sawasawa kabisa, nikapiga msasa, nikabandika vipande vya mpira chini. Kazi safi. Na wakati wote msumeno unakwenda mbele na nyuma, nilikuwa naisikia sauti ya mume wangu: mchuchumio haukatwi zaidi ya unene wa kidole, mke wangu, soli yake ilishakunjwa kufuata urefu wake, ukiushusha kiatu kinainua pua juu. Aliniambia hayo mara mia. Lakini hasira haina masikio. Nilikuwa namkata Bi Rula, sikuwa nakata kisigino.

Asubuhi mjukuu wangu aliviweka kwenye mfuko bila kuvitazama, akaenda na ndala. Mimi nikanyamaza, nikingoja aje anishukuru.

Saa tatu simu ikalia. Alikuwa Mlingoti. "Bibi, shikamoo. Njoo. Ameanguka."

Alivivalia mlangoni, Bi Rula akiwa bado hajashuka na rula yake. Hatua ya kwanza kwenye sakafu ile ya vigae, kiatu kikainua pua, yeye akayumba nyuma. Akakaa kitako mbele ya wageni na masanduku yao. Kifundo cha mguu kikavimba kama andazi.

Niliikunja ile karatasi ya kaki, penseli ya bluu ikiwa ndani yake, nikaitia mkobani, nikaenda.

Nilimkuta ofisini kwa Bi Rula, ameketi pembeni, barafu imefungwa kwa kitambaa juu ya kifundo. Hakunitazama. Bi Rula alikuwa nyuma ya meza, mwanamke mkubwa mkubwa, nywele zimevutwa nyuma. Mkononi kashika kile kiatu.

"Wewe ndiye uliyekata sare ya hoteli?"

"Ni mimi. Na nimekosea kukata. Kosa langu nalikubali. Sasa na wewe kubali lako."

"Langu lipi, mama? Wasichana saba wamevaa viatu hivyo hivyo. Sita wako kazini. Mjukuu wako ana mwili, na hataki kuambiwa ukweli."

"Ukweli huu hapa." Nikakunjua karatasi juu ya meza yake, juu ya madaftari yake. "Unyayo huu umeupima lini? Hata kitanda hununui bila kupima chumba. Mguu wa mtoto wa watu unaununulia kwa katoni?"

"Hapa si kwa fundi viatu. Hapa ni hotelini, watu wanavumilia."

Penseli ya bluu ikaniponyoka kwenye mkunjo wa karatasi, ikabingirika mpaka chini. Nikainama kuiokota. Na huko chini ya meza nikaona. Viatu vya Bi Rula vilikuwa vimelala ubavu, vimevuliwa. Miguu yake mikubwa mipana, saizi arobaini na mbili sikosei, ilikuwa juu ya taulo la hoteli lililokunjwa mara nne. Kila kidole gumba kimepindia wenzake, na kando ya mguu limeota fundo kama kokwa.

Niliinuka.

"Unamwambia mwenzio avumilie, na wewe umekaa peku?"

Uso wake ukabadilika. Kwanza aibu, kisha ukali. "Nimesimama kwenye meza ile miaka kumi na miwili," akasema. "Saizi yangu haikuwepo kwenye katoni. Nilivaa arobaini. Kuna aliyekuja na karatasi kunitetea mimi? Nilivumilia. Na yeye atavumilia, au aende kufulia."

"Kwa hiyo ulipopata rula ukaona bora ulipe kisasi kwa mabinti?"

"Mama, chunga mdomo!"

"Na wewe chunga miguu ya watu!"

Tukapandishiana sauti. Mimi nasema avae raba, yeye anasema kumi. Mimi nasema hata hiyo kazi aiache, yeye anasema chumba cha kufulia kina nafasi leo leo. Tulikuwa tunamgawana kama kitambaa.

"Nyamazeni!"

Sikuijua ile sauti. Sauti yake ya simu ni asali, hii ilikuwa kisu. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika ukingo wa meza, barafu imedondoka sakafuni.

"Bibi, ulikata viatu vyangu bila kuniambia. Nimeanguka mbele za watu kwa mkono wako. Ungeniuliza, ningekukataza."

Akamgeukia Bi Rula.

"Na wewe, dada msimamizi, jina langu si Kibonge. Kufulia siendi. Nilisomea meza ile, na nitasimama meza ile."

Bi Rula akaweka kiatu chini, polepole.

"Tangu nimefika mmenipima mwili, kisigino, unyayo, penseli nyekundu, penseli ya bluu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninachotaka."

"Haya," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Unataka nini, mjukuu wangu?"

Akaivuta ile karatasi, akaweka kiganja juu ya unyayo wake mwenyewe.

"Raba sitaki. Maisha yangu yote nimenunuliwa viatu kwenye rafu ya watoto, vyenye vipepeo na mikanda, kwa sababu ya mguu huu. Napenda mchuchumio, Bibi. Napenda unavyolia sakafuni. Nataka mrefu, ila urefu wangu mimi: tano na nusu, mpana hapa mbele, wa ngozi nyekundu. Na nataka uushone wewe."