Kaliamngoni

Saa sita mchana, nje ya baraza la ardhi, Che Mkwinda anafumba macho apumzike kidogo, na benchi linaanza kutembea. Huu si uongo wake. Uongo wake anaujua. Karani ametoka mara mbili kumwambia yeye, shahidi wa mpwa wake Somoe, asiende mbali, naye haendi, ni benchi linalokwenda, linatoka uwanjani na kushika barabara nyekundu ya kuelekea Ruvuma, huku kusini kabisa mwa wilaya ya Mkalanje, ambako lami hufika ikiwa imechoka. Kichwani amebeba neno moja tu alilokuja kulisema barazani: Nalukole. Ndipo alipozaliwa, ndipo alipozikwa mama yake, na dada yake, mamake Somoe, akarudishwa kuzikwa papo hapo, Somoe angali mchanga, ingawa pamebaki mahame. Mwekezaji anataka kupalima kwa trekta apande ufuta. Somoe amemshitaki, lakini kwenye ramani ya serikali hakuna Nalukole. Kuna mlima Kaliamngoni, na chini yake peupe.

Mikorosho kushoto, mikorosho kulia, na kila mkorosho akiupita anaukuta mbele tena, na nyani yuleyule juu yake. Benchi linamshusha njia panda. Amesimama mtu mwenye kofia pana ya wapimaji, na chini ya kofia hamna uso, ni laini tupu kama tako la kibuyu. Kofia anaijua. Ni ya Bwana Gama, Mngoni, mtani wake, ambaye yeye alimbebea mnyororo wa kupimia mwaka ule serikali ilipopima wilaya nzima. Habari za utumwani? anauliza asiye na uso. Nzuri, mtoro wa vita, anajibu Che Mkwinda, na hapo anakumbuka. Mwaka ule, wamechoka, kibuyu kimekauka, Gama aliuliza, mlima huu mnauitaje? Naye kwa kumchokoza akasema, Kaliamngoni, hapa ndipo babu yako alipolia tulipomnyang'anya ng'ombe. Gama alicheka hadi kofia ikaanguka, kisha akaandika. Na kamto kale? Mkojani, babu yako huyohuyo, kwa woga. Akaandika. Mtani hakasirikiwi, hata msibani, na wote wawili walijua wakubwa mjini wangefuta. Wakubwa walichapa. Huko kiwanda cha kuchapa ramani hakuna aliyekuwa na mtani.

Unakwenda wapi? anauliza asiye na uso. Nalukole, kwa mama. Mtu yule anakunjua ramani kubwa kama shuka, anapapasa kwa kidole. Jibu kwanza: kijiji gani kilihamishwa, wazee wake wasipande lori? Che Mkwinda hahitaji kufikiri. Chetu, anasema. Operesheni ilipokuja walipakia vitanda, kuku na sisi, wakaezua nyumba tusirudi, wakatumwaga kando ya barabara kwa mistari. Makaburi hayakupanda. Vema, sasa taja uendako nikupitishe. Nalukole. Barabara inajikunja kama mkeka na kumrudisha palepale penye nyani. Nalukole, anasema tena, na tena inajikunja. Mara ya nne miguu inawaka moto, anasema kwa sauti ndogo, Kaliamngoni, na barabara inanyooka mbele yake kama imepigwa pasi.

Anapita penye reli iliyong'olewa, nayo inang'olewa mbele yake, mataruma yanaondoka moja moja yakipanda hewani kama kumbikumbi. Anapita katikati ya watu wanaokimbia, mababu wa Majimaji, vibuyu vya dawa kiunoni, na Wadachi nyuma yao. Mzee mmoja asiye na uso anamshika bega. Mwanangu, tujifiche mlima gani? Che Mkwinda anataka kusema jina lile lenyewe la mlima, lile ambalo mapango yake wanayajua, na mdomo wake unasema, Kaliamngoni. Huo hatuujui, anasema mzee, na kundi zima linageuka kurudi kwenye bunduki. Anawaita. Hawasikii, au wanasikia jina wasilolijua.

Njia inamtua ukingoni mwa vijiji viwili vilivyobandikana nyayo kwa nyayo, kimoja kimesimama, kimoja kinaning'inia chini yake kama kivuli cha bwawani. Cha juu ni cha mistari, cha kando ya barabara. Cha chini kina vijia vya kuzungukazunguka, na kila anayetembea juu kuna anayetembea chini. Anashuka kichwa chini, miguu juu, na kizunguzungu kinapoisha anamkuta mama yake ameketi juu ya kaburi lake anapepeta ulezi. Naye hana uso, ila mikono ni yake.

Shikamoo mama. Marahaba, umepitia wapi? Nimepitia Kaliamngoni. Basi ndio hapa, umefika. Hapa ni Nalukole, mama, wewe ndiye uliyenifundisha kupaita hivyo. Nilikufundisha mambo mengi, ukaenda kuyachekeshea watu. Sisi huku tumeshazoea. Dada yako alisumbuka kidogo mwanzoni, naye amezoea. Mtu akituita Nalukole siku hizi hatugeuki. Che Mkwinda anainama, anamwambia jina lile sikioni, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusema maji. Mama anapepeta.

Mjomba, amka, wanakuita. Ni Somoe, anamtikisa bega. Anaingia barazani, na kabla ya kuapa anaukagua uso wa karani, kisha wa mwenyekiti. Nyuso zipo. Mwenyekiti, Bi Tabu, anamuuliza, Mzee, eneo hili linaitwaje? Nalukole. Ramani inasema Kaliamngoni. Jina hilo nililitunga mimi, kumtania mpimaji.

Kicheko kinaezua bati. Nani asiyemjua Che Mkwinda, aliyeua nyati wawili kwa mshale mmoja, ambaye mjombake alivuka Ruvuma juu ya mamba aliyelala? Anataja kofia ya Gama, anataja mnyororo, anataja kibuyu kilichokauka, na kadiri anavyotaja ndivyo wanavyozidi kushika mbavu, kwa kuwa hivyohivyo ndivyo anavyoanzaga hadithi zake. Mtu wa mwekezaji anafuta machozi. Che Mkwinda bwana, leo umepitiliza. Huyo Gama yuko wapi? anauliza Bi Tabu, akijikaza. Amefariki. Na shahidi mwingine? Hakuna. Basi kaa, mzee wangu. Baraza linafuata ramani.

Nje, Somoe hacheki. Anamvuta pembeni, chini ya ukuta wenye matangazo. Mjomba, wamekwisha kwenda, tuko mimi na wewe. Niambie kweli: mama yangu amezikwa wapi?

Nalukole, anamwambia. Naye Somoe anacheka kidogo, kwa adabu, kama watu wanavyomchekea mzee wao. Che Mkwinda anajifinya mkono. Unauma. Lakini hata kule benchi lilikompeleka miguu iliuma.