Nyumba Iliyogeukia kwa Mastura

Nyanya ikidondoka jikoni kwa Sabiha, kule Makorora, haikukaa ilipoangukia. Ilibingirika, ikakatiza ukumbini, ikaenda kutulia kwenye kona ya chumba cha wageni, ambako nyumba ilikuwa imezama shibiri nzima na ukuta umepasuka. Jumatatu hiyo zilidondoka mbili, Sabiha akazifuata bila haraka. Mumewe, Hatibu, alikuwa ameshaleta fundi.

Fundi Godlisten alikuja na mashine na nguzo sita za chuma zenye mapezi yanayozunguka kama skrubu. Alieleza kwamba zinasokotwa ardhini kando ya msingi mpaka zikute pagumu, kisha msingi unafungwa juu yake na kuinuliwa kwa jeki.

"Hatuvunji kitu, mama. Jioni nyanya zitatulia. Karatasi ya dhamana sitoi, dhamana ni neno langu."

Sabiha hakumwamini. Siku hizo hakumwamini mtu yeyote, kuanzia aliyelala naye kitanda kimoja.

Nguzo ya kwanza ilizama mita nne, ikagoma. Mashine iliendelea kunguruma, na kwa kuwa nguzo haikutaka kuzunguka tena, nyumba ndiyo iliyozunguka. Ilikwenda taratibu, hatua moja hivi, na sufuria ya mchuzi haikumwaga hata tone. Godlisten alitazama pima maji yake, akaridhika, akahamia nguzo ya pili. Kufikia ya sita, kona ya paa ilikuwa imeupita mpapai wa uani bila kuugusa, kwa upana wa kidole.

Alasiri Sabiha alitandika msala kuelekea msumari wa kalenda, kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Jua lililozoea kumpiga shavu la kushoto likampiga usoni. Akaugeuza msala, akaswali, kisha akaenda kufungua mlango wa mbele.

Barabara haikuwepo tena. Palikuwa na kichochoro, na ng'ambo yake, hatua nne tu, Mastura alikuwa kizingitini anachagua mchele. Mastura ni dada yake Hatibu. Alizaliwa katika nyumba hiyo, na chumba kilichozama kilikuwa chake. Baba yao alipofariki ilitokea karatasi ya hiba, kwamba mzee alimpa Hatibu nyumba yote akiwa hai. Mastura akapanga chumba ng'ambo.

Shahidi katika karatasi hiyo alikuwa Sabiha. Hatibu alimletea siku ya pili ya matanga, ikiwa imekunjwa, akasema ni fomu ya kuvutiwa maji. Sabiha alisaini na unga mikononi. Maji hayajavutwa mpaka leo.

"Wifi, mmehamia huku?" aliuliza Mastura.

"Nyumba imegeuka."

"Naiona." Mastura akatupa kokoto. "Ile karatasi ya marehemu baba, uliisoma?"

Nyuma ya Sabiha, ukumbini, Hatibu alikohoa. Sabiha aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

"Niliitia saini," alisema.

"Hilo sikukuuliza, wifi."

Hatibu alitoka kumtafuta fundi, akamwambia airudishe nyumba ilivyokuwa.

"Nikizungusha kinyume, mzee, nguzo zinatoka na nyumba inazama upya," alijibu Godlisten, akifunga mashine yake. "Imara yake ni hapa ilipo."

Hatibu alifikiri kidogo, akauliza kama anamfahamu mwashi mzuri.

Jumatano mwashi alitoboa mlango mpya upande wa barabara. Alhamisi akaziba ule wa zamani kwa matofali, Sabiha akimchotea maji ya kukorogea saruji. Mastura alitazama mpaka tofali la mwisho, akaingia ndani na ungo wake. Majirani walisifu kwamba nyumba sasa imenyooka.

Ijumaa, Sabiha akikanda unga wa chapati, nyanya ilidondoka. Ilitulia pale pale. Alikuwa bado anaitazama Hatibu alipoingia na karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Mama Hafsa, hii ni dhamana ya fundi. Inataka shahidi."

Sabiha aliitazama karatasi, akamtazama mumewe, akautazama ukuta mpya ambao plasta yake ilikuwa bado mbichi. Alilikumbuka neno la Godlisten, lote, pamoja na lile la karatasi. Kisha akapangusa unga mikononi, akauliza asaini wapi.