Saini ya Kitanda cha Kumi na Moja

Nalala saa tatu asubuhi, wakati watu wenye akili zao wanakwenda sokoni. Nimetoka zamu ya usiku, ya tano mfululizo, nimetundika kanga dirishani kuzuia jua na jua linapita humo bila hata kubisha hodi, na jirani ana mashine ya kusaga inayonguruma mpaka kitanda kinatikisika. Katika hali hii ndipo wakubwa wetu wanatushauri tulale. Walituletea semina nzima juu ya jambo hilo, na bango lenye picha ya mwanamke aliyelala huku anatabasamu: wauguzi, kunyweni maziwa ya uvuguvugu, epukeni mawazo. Wagonjwa arobaini na watatu, wauguzi wawili, na mmoja wa hao wawili anaazimwa wodi ya wazazi saa sita usiku na harudishwi, halafu tuepuke mawazo. Nawadharau. Nasema wazi, nawadharau hadi kope zinanilemea, na kope zikishafumba najikuta nimesimama kwenye korido.

Naijua korido hii, ni ya kwetu, ila haina mwisho. Nikikunja kona inakuwa barabara, nikikunja tena inakuwa korido, nami nasukuma toroli la dawa ambalo gurudumu lake moja halizunguki, maana hata ndotoni hospitali yetu haina fundi. Juu ya toroli kuna sindano moja yenye insulini, na nikiiona tu nakumbuka kilichonileta. Bi. Tunu, mama wa watu wa kitanda cha kumi na moja, mwenye sukari. Asubuhi hii nilimchoma au sikumchoma? Niseme jinsi tunavyofanya, kwa kuwa hakuna bango linalosema. Saa kumi na moja alfajiri unakaa chini na chati zote, unasaini dawa za asubuhi kuanzia kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho, ndipo unainuka kuzigawa. Ukisema utasaini kila kitanda kwa wakati wake, utakabidhi zamu nusu ya chati zikiwa tupu na matroni atakusimanga mbele ya wanafunzi. Saini kwanza, dawa baadaye. Sote tunafanya, na anayekataa ni mwongo. Kwa hiyo saini yangu ipo kwa Bi. Tunu, imeandikwa vizuri na mkia wake. Kama insulini iliufuata mkia huo, sijui. Nikimwacha bila, sukari yake inapanda. Nikimchoma mara ya pili inashuka, anazimia, na huenda asiamke.

Kuna mtu ananitangulia. Amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, amekumbatia ubao wa kuandikia, na nikimtazama usoni naona hapana uso, pako laini kama chapati ambayo bado haijaingia kikaangoni. Namwuliza kitanda cha kumi na moja kiko wapi. Anasema, mimi ni mtafiti, nina dodoso. Kwa kipimo cha moja hadi tano, unalala vizuri kiasi gani? Namwambia, nimelala sasa hivi, jionee mwenyewe. Anaandika tano. Namwambia nina mgonjwa, aache upuuzi. Anasema, kitendawili. Nasema tega, kwa sababu nimelelewa, siyo kwa sababu nataka. Anasema, watu arobaini na watatu wananiita kwa pamoja, wala hakuna hata mmoja anayejua jina langu. Nasema, muuguzi. Anasema, umepata, na anapendezwa na nafsi yake kana kwamba amenipokea zamu.

Tunatembea na hatufiki, kisha tunafika bila kutembea, kwenye mji ambao nyumba zake zote ni za vioo. Ndani wamelala wakubwa, kila mmoja na nyumba yake, mganga mkuu, katibu, mkufunzi wa semina, wamefunikwa zile shuka safi ambazo wodini tunaambiwa hazijaja, wanakoroma kwa zamu wasigongane. Na kila kioo kinaonyesha wodi ileile, na katikati ya wodi kuna muuguzi mmoja anakimbia, na nikiinua mkono wanainua wote. Namwuliza asiye na uso, mbona hawa wamelala na sisi hatulali? Anasema, apikaye hanusi, anusaye hapiki, na mlaji hajawahi kuingia jikoni. Namwambia hiyo siyo hekima, hiyo ni ratiba ya zamu. Nagonga kioo cha mkufunzi kwa ngumi, nagonga mpaka kioo kinatikisika, naye anafungua jicho moja na kuniuliza kama nimekunywa maziwa, kisha anageukia ukutani. Nacheka, na kicheko changu kinanitia uchungu.

Mji unajikunja, barabara inarudi kuwa korido, na mwisho wake, kumbe sasa una mwisho, Bi. Tunu ameketi kitandani na mkono ameshaukunjua. Nasema, shikamoo mama. Anasema, marahaba mwanangu, mbona leo mmechelewa? Namwuliza, mama, nimekuchoma asubuhi hii? Anasema, mwanangu, mimi nachomwa na kila anayepita, na mnavyokimbia sijapata kuziona nyuso zenu. Nitajuaje kama ni wewe? Namwonea huruma, na kwa mara ya kwanza katika safari hii sina wa kumdharau ila mimi. Asiye na uso anasema, amua, dodoso lina ukurasa mwingine. Basi naushika mkono wa Bi. Tunu, namchoma, nahesabu mpaka kumi kama nilivyofundishwa chuoni, nachomoa. Anasema ahsante. Mwili wangu wote unalegea kwa raha.

Naamka saa nane mchana, mdomo umekauka, mashine ya jirani imezimwa. Naikumbuka ngozi ya mkono wake, naikumbuka kumi niliyohesabu, naikumbuka ahsante yake, na sijui naikumbuka kutoka wapi, wodini asubuhi au humu kitandani. Nikipiga simu, nimekiri kwamba nimesaini dawa ambayo huenda sikuitoa, na watu wamepoteza leseni kwa makosa madogo kuliko hilo. Nabaki nimeishika simu kwa muda ambao naona aibu kuutaja. Halafu napiga.

Anapokea Anzawe wa zamu ya mchana. Yuko peke yake leo, mwenzake amepelekwa semina. Namwambia, Anzawe, nilisaini insulini ya Bi. Tunu kabla ya kumchoma, na sina hakika kama nilimchoma. Anasema, Leokadia dada, hebu lala bwana, mama wa watu hajambo, sukari yake ya saa sita ni nane nukta mbili, hii hapa kwenye chati. Nashusha pumzi, nashukuru Mungu, nataka kukata. Lakini na mimi ni muuguzi. Namwuliza, umempima?

Anasema, nimeandika.

Namwuliza tena, Anzawe, umempima? Anasema kwa sauti ya chini, sukari za wote niliziandika saa tano, nikajua nitapita kuwapima. Namwambia, nenda sasa hivi, usikate. Nasikia simu ikiwekwa mezani, nasikia viatu vyake vikiondoka. Kutoka meza ya wauguzi mpaka kitanda cha kumi na moja ni hatua ishirini, hazizidi. Nahesabu ishirini. Nahesabu thelathini, nahesabu sitini, na viatu vyake bado vinatembea, nami nimejifinya paja kwa nguvu zangu zote, nangoja paniume nijue kama nimeamka.