Usingizi Usio na Obare

Kwanza ulisikika mlio wa sufuria ikipiga sakafu, ikajizungusha ikilia, ikanyamaza. Mama Peres, aliyekuwa uani akianika dagaa wa omena, alisubiri mkaza mwanawe alalamike, hata atukane. Kimya. Alipoingia jikoni alimkuta Rael amelala kando ya mafiga, uji wa moto umemmwagikia mkononi, ngozi inafura, naye anakoroma.

Mchana kweupe. Mkono unaungua na mtu anakoroma!

Tangu wamzike Obare, mwana wa Peres na mume wa Rael, mjane huyo hakuwahi kumwota. Na desturi ya ukoo haikuwa na mchezo: mpaka marehemu amjie mkewe ndotoni, mke haingii nyumba ya mtu, hata ya mama yake mzazi. Mama yake Rael alikuwa huko kwao Rongo, mgonjwa hajiwezi, akimwulizia kila kukicha. Wakati wa matanga daktari alimpa Rael vidonge vichache vya usingizi, akasema vikiisha, basi. Lakini Peres alikuwa na hesabu yake: asiyelala haoti, basi alalaye sana ataota upesi. Akawa anavifuata mwenyewe dukani kwa Willis, muuza dawa wa Sindo, asiyedai cheti cha daktari.

"Hizi, Mama, zinazima mtu kama stima ya hapa kwetu," Willis alimtania. "Ikipotea, usiulize itarudi lini."

Peres alicheka. Kidonge kimoja kikawa viwili. Kila asubuhi aliuliza, "Nyar Rongo, amekuja?" Na kila asubuhi binti huyo wa Rongo alitikisa kichwa kilichokuwa kizito kama mtungi uliojaa.

Siku hiyo ya uji Peres alimkimbiza zahanatini. Tabibu aliyeitwa Bhoke, mtu wa Migori upande wa Wakuria, alimfunga Rael bendeji, kisha akaomba kuona vidonge.

"Nani anampa hivi?"

"Mimi. Alale, aote."

"Mama, hivi vinamwangusha tu. Vinaweza hata kumpunguzia ndoto. Huenda ni wewe umemfungia mlango Obare."

Peres aliwaka. "Wewe nyar Kuria, ndoto za Wajaluo utazijua aje?"

"Ndoto zenu sizijui. Vidonge navijua. Na asiviache ghafla, anaweza kushikwa na kifafa. Tutapunguza pole pole, nikimwona kila wiki. Kuna usiku atakesha. Atalia."

Hapo Rael akafungua mdomo, ulimi mzito.

"Mama, mimi sikutaka kulala. Nilitaka kumlilia. Kila nikianza, unaleta maji na kidonge. Obare sijamlilia bado."

Peres hakuwa akitafuta ndoto tu. Kilio cha Rael kilipotoka nyumba ya pili kilimfikia kitandani, kikamwambia kwamba aliyefukiwa ni mtoto aliyemzaa yeye, naye hakuweza kukistahimili. Alikuwa amemzima Rael ili yeye mwenyewe asisikie.

Akamwachia Bhoke pakiti yote, yeye ndiye ampimie Rael. Kisha akaushika ule mkono mzima wa Rael.

"Nyathina, mtoto wangu, lia. Nitakuja nikae mlangoni kwako, tumlilie pamoja mpaka kuche. Na Jumamosi nitakupeleka Rongo kwa mama yako, uwe umeota au hujaota. Wazee wakiuliza, waniulize mimi."