Jicho la Tatu Lipo Kwenye Droo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa kwenye benchi la ofisi ya elimu. Hilo halikunishangaza, kwa sababu hata mchana ndipo ninapokaa. Tangu shule zifunguliwe nimekwenda pale mara saba kwa ajili ya binti yangu Nakijwa, mwenye miaka tisa. Nakijwa haoni. Anasoma kwa vidole, maandishi ya nukta nundu, aliyofundishwa darasa la kwanza na la pili kabla mume wangu hajahamishiwa huku kikazi. Shule ya huku iko hatua mia nne kutoka mlangoni kwetu. Inasema haina mashine ya kuandikia nukta nundu wala mwalimu wa kuzifundisha, kwa hiyo kila Jumatatu mwalimu mkuu, Mwalimu Mchome, humrudisha nyumbani. Humrudisha kwa upole sana. Upole huo ndio unaonichosha.

Katika ndoto Nakijwa amekaa kushoto kwangu. Kulia amekaa mama mmoja mnene, gauni lake limeachia mgongo wote.

"Shikamoo," nikamwambia. "Unamsubiri nani?"

"Marahaba. Namsubiri Afisa. Aliniambia nije nitekelezwe."

"Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni Sheria."

Mimi ni fundi cherehani, siwezi kutazama nguo iliyoachia nikanyamaza. Nikamwuliza mbona gauni liko wazi hivyo.

"Kila mtu husema niko wazi," akasema. "Vifungu ninavyo vingi. Vifungo ndiyo sina."

"Na unasemaje kuhusu mtoto kama wangu?"

"Sheria inasema kila mtoto asome shule iliyo karibu na kwao, bila kubaguliwa."

"Afisa umemwambia?"

"Kila mwaka. Hunisifu sana."

Tukaitwa ndani wote watatu. Afisa Elimu, Bwana Kisamo, alitupokea kwa tabasamu lile lile ninalolijua.

"Mama Nakijwa, usiwe na wasiwasi. Suala la huyu mtoto tunaliangalia kwa jicho la tatu."

Akavuta droo, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso, akakiweka juu ya faili langu. Ni jicho. Lina ukubwa wa yai na limetuna kidogo kwa usingizi. Likamtazama Nakijwa, likanitazama mimi, likaitazama kalenda.

"Yupi ndiye mtoto?" likauliza.

"Huyu mfupi," nikasema.

"Samahani, sioni vizuri. Humu kwenye droo ni giza. Niliomba miwani mwaka juzi."

"Fungu la fedha za miwani halijafika," Afisa akalieleza. "Ni fungu moja na lile la mashine ya Nakijwa. Liko njiani."

Nikasema basi twende tukalipokee. Nilikuwa nimechoka kusikia habari za hiyo njia. Nafungua mlango, na nje hakuna korido tena, kuna barabara ya vumbi, na Fungu linakuja taratibu kwa miguu yake. Ni kifurushi cha kitambaa, hakizidi kiganja.

"Mbona mdogo hivi?" nikaliuliza.

"Nilipotoka makao makuu nilikuwa napita mlangoni kwa shida," likasema. "Kila ofisi niliyopitia walinipokea, wakanipunguza kidogo, wakanisindikiza. Sina wa kumlaumu. Wote walikuwa wakarimu."

Likajifungua lenyewe. Ndani mlikuwa na chaki moja, nyeupe.

"Mwanangu haoni," nikasema.

"Naomba usaini hapa kwamba umepokea," Afisa akasema.

Sikusaini. Hata hivyo, nilipoinua kichwa sote tulikuwa tayari darasani, Sheria na Afisa na jicho lake, na chaki iko mkononi mwa Mwalimu Mchome.

"Tumeagizwa elimu jumuishi," akawaambia wanafunzi. "Kwa hiyo leo tunamjumlisha Nakijwa."

Akaandika ubaoni: themanini na nne, kujumlisha Nakijwa. Darasa likajibu kwa pamoja: themanini na tano. Akapigia mstari.

"Tumemjumlisha, Mama Nakijwa. Unaweza kumrudisha nyumbani."

"Mwalimu, mtoto hajakaa hata chini."

"Dawati lake lipo kwenye ripoti."

Akaifungua ripoti. Dawati lilikuwemo kweli, limechorwa kwa rula, na mashine juu yake. Nakijwa akalipapasa.

"Mama, hili ni karatasi," akasema.

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nikamgeukia Sheria. "Wewe nawe, sema basi."

"Sheria inasema kila mtoto asome shule iliyo karibu na kwao."

"Inasema vizuri," Mwalimu Mchome akakubali, akafuta ubao.

Nakijwa alikuwa amesimama nyuma ya Sheria. Kwa kutafuta mahali pa kushika, akamgusa mgongoni, pale gauni lilipoachia. Mkono ukatulia.

"Mama, huyu ameandikwa huku."

"Soma."

Akasoma taratibu, kwa vidole viwili. "Atakayemrudisha mtoto huyu nyumbani ataondoka naye, akae huko amfundishe, mpaka shule iwe tayari kumpokea."

Jicho likapepesa.

"Sikuwahi kukijua kifungu hicho," Sheria akasema. "Mgongo wangu mwenyewe siuoni."

Sasa tuko sebuleni kwangu. Afisa na Mwalimu Mchome wamekaa mkekani, magoti yamewafika kidevuni. Jicho nimeliweka kwenye kisosi dirishani, lipate mwanga. Ila hakuna anayemfundisha Nakijwa. Hawajui nukta nundu, kwa hiyo Nakijwa anawafundisha wao kwanza.

"Hii ni herufi gani, Bwana Kisamo?"

"Ni b."

"Hapana. Anza tena."

"Sisi tuna majukumu mengi," Afisa akaniambia kwa sauti ya chini. "Tuandikie barua ya kuturuhusu kuondoka."

"Andikeni ninyi maombi," nikasema. "Kwa nukta nundu, nakala tatu, na mje Jumatatu."

Alikuwa karibu kulia. Karatasi hatukuwa nazo, basi akachukua msumari wa kutobolea, akaushika mkono wangu akaanza kudunga, kidogo kidogo, jasho likimtoka puani.

"Unaandika nini?"

"Sijui, Mama Nakijwa. Bado sijafika kwenye kusoma."

Nikaamka. Nakijwa alikuwa amekaa kando ya kitanda, ameshika mkono wangu akinitikisa.

"Mama, kumekucha, leo Jumatatu." Kidole chake kikapita juu ya ngozi, kikarudi, kikapita tena. "Umeandikwa."

Nikatazama. Kulikuwa na vipele vidogo chini ya kiwiko, vimejipanga mistari kama vimepimwa.

"Inasemaje?"

"Aje leo." Akakunja uso kidogo. "Aliyeandika bado anajifunza. Herufi yake ya pili ameigeuza."

Nikamtafutia sare yake. Mimi nikavaa blauzi ya mikono mifupi, wasije wakasema barua hawakuiona.